Kuingia Mlangoni Mara ya Kwanza: Jinsi ya Kukipata na Kukihudhuria Kikundi cha Wanaoacha Pombe

Somo hili ni la mtu aliyekwisha kujiambia, pengine usiku wa manane nyumba nzima ikiwa imelala, kwamba pombe imemshinda. Hatukuliandika ili kumhukumu wala kumwuliza alifikaje hapo. Tunalichukulia jambo hili kama tunavyolichukulia jambo lolote ambalo mwananchi anatafutia huduma: anastahili kujua huduma yenyewe ni ipi, inapatikana wapi, inagharimu kiasi gani, na kwa dalili zipi atatambua kwamba amefika mahali panapofaa au kwamba anadanganywa.

Mara nyingi kinachomzuia mtu si umbali wala nauli bali mlango wenyewe. Hushuka kwenye matatu, akauona ukumbi, akawaona watu wawili watatu wamesimama nje wakizungumza, kisha akapita kana kwamba alikuwa na safari nyingine. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Tunataka mtu huyo ajue yaliyo ndani kabla hajafika, ili siku ya kufika asipite.

1. Kikundi cha kusaidiana ni nini

Kikundi cha kusaidiana ni mkusanyiko wa watu wenye tatizo moja, wanaokutana kwa siku na saa maalumu ili kusimuliana yaliyowapata na kupeana nguvu ya kuendelea. Hakuna daktari anayeongoza wala mwalimu anayefundisha. Anayezungumza leo kuhusu mwaka wake wa tano bila kunywa aliwahi kukaa kwenye kiti cha nyuma akitetemeka mikono.

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikuwa hotelini katika mji huo wa ugeni, biashara yake imeharibika, na baa iko hatua chache kutoka aliposimama. Badala ya kuingia humo alipiga simu kwa kasisi ambaye jina lake aliliona kwenye orodha, akaomba aelekezwe kwa mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo alikutanishwa na daktari mmoja wa mji huo, Bob Smith. Siku ambayo daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho, Juni 10, 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu moja: aliyepiga simu ile hakuwa na wa kumtibu. Alihitaji mtu wa kuzungumza naye asije akanywa, na huo ndio msingi wa vikundi hivi hadi leo.

Mambo manne kuhusu AA yafaa yajulikane mapema. Kwanza, sharti la kujiunga ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Pili, hakuna ada ya uanachama. Kila kikundi hujitegemea kwa michango ya hiari ya wanachama wake na hakipokei pesa kutoka nje. Tatu, wanachama hutumia jina la kwanza tu, na yanayosemwa mkutanoni hayatolewi nje. Nne, AA si kanisa. Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na hatua 12 zinazofuatwa humtaja Mungu, lakini kila mtu huachiwa amwelewe kwa namna yake mwenyewe. Waislamu, Wakristo, Wahindu na wasio na dini huhudhuria.

Asiyeridhika na njia hiyo anaweza kutafuta nyingine. SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, haitumii mafundisho ya kiroho. Hutumia mbinu za kisaikolojia za kutambua tamaa ya kunywa na kuishinda, na baadhi ya mikutano yake hufanyika kwa intaneti. Hospitali na vituo vya ushauri pia huweza kuwa na vikundi vyao.

Je, vikundi hivi vinafaa kitu? Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalochunguza ushahidi wa tiba mbalimbali, lilichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha zaidi ya watu 10,000. Ilibainika kwamba programu zinazomwelekeza mgonjwa kwa utaratibu maalumu ajiunge na AA zilifanya vizuri sawa na tiba nyingine zilizozoeleka, na katika kuwasaidia watu waache pombe kabisa mara nyingi zilizishinda. Hilo halimaanishi kwamba kila anayehudhuria huacha. Lamaanisha kwamba kujaribu si kupoteza wakati.

2. Usiache ghafla kabla ya kusoma sehemu hii

Tunaiweka sehemu hii mbele ya nyingine kwa sababu kosa lake huweza kugharimu uhai. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, mwili wake umekwisha kuizoea pombe. Akiiacha kwa ghafla, mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, tumbo huchafuka na usingizi humpotea, kwa kawaida kati ya saa 6 na saa 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Baadhi ya watu hupatwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Wengine, takriban kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa vikali, huona na kusikia visivyokuwepo, na mwili huwapanda joto. Hali hii huweza kuua.

Kwa hiyo, ukiamka asubuhi mikono ikitetemeka mpaka unywe ndipo itulie, au ukiwa umewahi kupatwa na kifafa ulipojaribu kuacha, nenda kwanza kwenye kituo cha afya au hospitali. Mweleze mhudumu ukweli: unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na lini mara ya mwisho. Usipunguze kwa aibu, iwe ni bia, chang'aa au mnazi, kwa kuwa kipimo cha dawa hutegemea jibu lako. Zipo dawa za kuituliza hali hii kwa usalama, na hutolewa kwa siku chache chini ya uangalizi. Kikundi hakiwezi kuifanya kazi hiyo, na mwanachama mwaminifu atakuambia hivyo.

Asiyejua amefikia wapi anaweza kuomba afanyiwe kipimo kiitwacho AUDIT, kilichotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Kina maswali 10 tu. Jumla ya alama 8 au zaidi huonyesha unywaji wenye hatari. Alama 20 au zaidi huashiria kwamba huenda uraibu umekwisha kuingia, na kwamba yafaa mtu achunguzwe na mtaalamu.

3. Jinsi ya kukitafuta kikundi

Nchini Kenya, njia iliyo rahisi ni kupiga nambari 1192. Hii ni nambari ya msaada ya NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya. Haitozi malipo. Mwombe anayepokea akuelekeze kwa vikundi au washauri walio karibu nawe.

Njia ya pili ni kuuliza katika hospitali ya rufaa ya kaunti yako, hasa idara ya afya ya akili, au kwa mhudumu wa afya ya jamii unayemwamini. Nairobi, Hospitali ya Mathari ina huduma za watu wenye uraibu. Njia ya tatu ni tovuti rasmi za vikundi vyenyewe, ambako siku na saa za mikutano huandikwa. Njia ya nne ni mikutano ya intaneti. Inamfaa anayeishi mbali na mji, mama asiye na wa kumwachia watoto, na yule anayeogopa kuonekana. Waweza kuizima kamera na kusikiliza tu.

Usiende kwa kubahatisha. Mikutano huhamishwa, kumbi hubadilishwa, na mtu aliyejikaza kwa wiki nzima akikuta mlango umefungwa huweza kurudi moja kwa moja baa. Piga simu kwanza. Si lazima useme mengi. Yatosha kusema hivi:

"Hujambo. Nambari hii nimepewa na kituo cha afya. Natafuta mkutano wa watu wanaoacha pombe, na sijawahi kuhudhuria."

Huenda ukajibiwa: "Karibu sana, ndugu yangu. Uko upande gani?"

Kutoka hapo, uliza mambo haya na uyaandike:

- Mkutano ni siku gani, saa ngapi, na mlango ni upi?
- Ni mkutano wa wazi, ambao hata jamaa anaweza kuhudhuria, au ni wa wenye tatizo pekee?
- Huendeshwa kwa Kiswahili, Kiingereza au lugha nyingine?
- Kuna kikundi cha wanawake peke yao?
- Je, mtu mmoja anaweza kunisubiri langoni?

Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Ni vigumu kupita mlango ambao mtu amesimama akikungoja.

4. Kikundi cha kweli na walaghai

Penye shida hapakosi wa kuitumia. Jihadhari ukiona mojawapo ya haya:

- Unadaiwa ada ya kujiandikisha, au unaombwa kadi ya benki, hati ya shamba au kitambulisho kiwekwe rehani.
- Unaahidiwa kupona kabisa kwa siku chache.
- Unauziwa dawa isiyo na lebo, au unaambiwa uache dawa ulizopewa na daktari.
- Nyuso za watu zinapigwa picha, au ushuhuda wao unarushwa mitandaoni.
- Mwanachama wa zamani anamtongoza mgeni, anamkopa pesa, au anamwingiza katika biashara.

Ukiyaona haya, toka. Hukufunga ndoa na kikundi.

Usikichanganye kikundi cha kusaidiana na kituo cha kurekebishia tabia, ambako mtu hulazwa kwa wiki au miezi. Vituo hivyo hutoza malipo, na vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na NACADA. Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe cheti cha idhini, uthibitishe kwa nambari 1192, na upewe mchanganuo wa gharama kwa maandishi. Uliza daktari ni nani, na huja siku zipi. Familia nyingi huuza ng'ombe au kukopa kwenye chama ili kumpeleka ndugu yao. Zina haki ya kujua zinanunua nini.

5. Siku ya mkutano

Jitahidi ufike dakika kumi mapema, ili usiingie macho yote yakikutazama. Vaa kama unavyovaa kwenda sokoni. Kama uko salama kiafya kukaa bila kunywa, usinywe siku hiyo. Kama umekunywa, nenda hivyo hivyo. Kwa kawaida utaombwa usikilize tu na usivuruge.

Mkutano huchukua dakika 60 hadi 90. Msimamizi hufungua kwa maneno machache na pengine usomaji mfupi. Kisha mtu mmoja husimulia habari zake: alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Baada yake wengine huzungumza kwa zamu. Anayezungumza hujitaja kwa jina la kwanza na kusema kwamba ni mlevi. Wewe hulazimiki kusema hivyo. Zamu yako ikifika, yatosha kusema, "Leo nimekuja kusikiliza," na hakuna atakayekuuliza zaidi. Kwa desturi, hakuna anayemkatiza mwenzake, kumjibu wala kumpa ushauri asioomba.

Kikapu kitapitishwa. Mgeni hatarajiwi kutoa kitu, nawe usione haya kukipitisha kwa jirani. Mwishoni huenda watu wakasimama na kuomba pamoja kwa maneno mafupi. Asiyependa husimama kimya.

Wengi huogopa kukutana na anayewajua: jirani, bosi, mwalimu wa mtoto. Huweza kutokea, hasa katika mji mdogo. Lakini kumbuka kwamba naye amekuja kwa sababu ile ile, na anakuogopa wewe kama unavyomwogopa. Hata hivyo tunapaswa kuwa wakweli. Usiri wa kikundi ni ahadi ya waungwana. Si wajibu wa kisheria kama ule wa daktari au wakili wako. Zungumzia moyo wako na unywaji wako, lakini mambo yanayoweza kukufikisha mahakamani au kukupotezea kazi yaache kwa mtaalamu.

Chai ikitolewa baada ya mkutano, usikimbie. Dakika hizo kumi ndipo watu huulizana hali kwa sauti ya kawaida na kubadilishana nambari za simu. Ondoka na angalau nambari mbili.

6. Baada ya mara ya kwanza

Huenda ukatoka ukihisi umeshushiwa mzigo, na huenda ukatoka ukisema, "Hawa si wenzangu, mimi sikufika huko." Usikate shauri siku hiyo. Vikundi hutofautiana kama vyama vya akina mama vinavyotofautiana mtaani: kimoja kina wazee wengi, kingine vijana, kimoja kinazungumza sana habari za imani, kingine kidogo. Hudhuria mikutano kadhaa, na ukiweza katika vikundi viwili tofauti, kabla ya kuamua. Baadhi ya wanachama humshauri mgeni ahudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Penye mkutano mmoja tu kwa wiki, siku zilizobaki zaweza kujazwa kwa simu na mikutano ya intaneti.

Baada ya muda utashauriwa umchague mlezi, yaani mwanachama aliyeacha kwa muda mrefu atakayekuongoza na ambaye unaweza kumpigia tamaa ikikushika. Kwa desturi mwanamume huongozwa na mwanamume na mwanamke na mwanamke. Mchague taratibu, kwa kutazama maisha ya mtu zaidi ya ufasaha wake. Na nambari zile ulizopewa, zitumie kabla ya kunywa. Siku ya mshahara, siku ya matanga, jioni ya mpira: hizo ndizo saa za kupiga simu.

Ukiteleza na kunywa, rudi. Wengi walioacha leo waliteleza zaidi ya mara moja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aibu ya kurudi ni kubwa kuliko aibu ya kuja mara ya kwanza, lakini wenye viti vile waliwahi kuipita. Jambo moja tu la tahadhari: kama ulirudia kunywa kwa wingi kwa siku nyingi, maonyo ya sehemu ya pili yanakuhusu upya.

7. Neno kwa jamaa

Mke, mume, mzazi na mtoto wa mnywaji nao huumia, na wana vikundi vyao. Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa na marafiki, na Alateen mwaka 1957 kwa ajili ya vijana. Unaweza kuhudhuria hata kama mnywaji mwenyewe hataki kusikia habari hizi.

Usimwekee mtu dawa ya kuacha pombe katika chakula au kinywaji bila yeye kujua, hata ukihakikishiwa na muuzaji kwamba haina madhara. Miongoni mwa dawa za kuacha pombe iko ambayo, ikikutana na pombe mwilini, husababisha kutapika, moyo kwenda mbio na shinikizo la damu kushuka, na huweza kumuua asiyejua amekula nini. Dawa hiyo hutolewa na daktari, kwa ridhaa ya mgonjwa.

Mweleze unayempenda asubuhi akiwa hajanywa, kwa maneno machache: umeona nini, unaogopa nini, na kwamba uko tayari kumsindikiza. Kisha msindikize hadi langoni, umsubiri nje.

8. Maswali ya kujipima

- Je, mwili wangu unahitaji daktari kabla ya kuacha?
- Nitapiga simu gani, na siku gani wiki hii?
- Nani atanisubiri langoni?
- Nikiombwa pesa, nitajibu nini?
- Nikitoka mkutanoni, nitakuwa na nambari za nani?

Jibu maswali haya kwa kalamu, na karatasi uiweke mfukoni. Siku ikifika na miguu ikisita kituoni, itoe uisome. Kisha uvuke barabara.